Kitanda cha Mama na Mteremko wa Senjele

Mama mkwe wangu alikuwa na ombi moja tu: alione Ziwa Nyasa pale Matema kabla miguu haijamkatalia kabisa. Gesti hazitaki. Kiuno chake kimezoea godoro lake mwenyewe, na usiku huamka mara tatu, mara nne; hapendi kupapasa ukuta wa watu akitafuta mlango. Mume wangu akasema basi, tutamjengea chumba chenye magurudumu.

Tunduma hakuna anayeshangaa tela. Mimi nauza chai na chapati kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na nimekuwapo hapo tangu kabla kituo cha pamoja cha mpakani hakijazinduliwa mwaka 2019. Fundi wa kuchomelea alichukua ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokwisha kufa, akaunga fremu ya vyuma, juu yake akapandisha boksi la plaiwudi lenye paa la bati. Ndani tukaweka godoro la futi nne kwa sita, kabati, jiko la gesi na madumu ya maji. Rangi alichagua Mama: bluu. Jioni ile lilipokauka aliingia, akajilaza, akafunga mlango, nasi tukakaa nje kimya tukimsikia akigeuka upande huu na ule.

Gari la kulivuta tulilifikiria mwisho. Hapo ndipo tulipokosea.

Shemeji alijitolea kirikuu chake. Kirikuu ni kitumishi chema cha mjini, lakini injini yake ni ya cc 660 na kimetengenezwa kubeba kilo 350. Tukakijaribu kuelekea Vwawa. Kupanda kwa kwanza baada ya Mpemba kikashuka mpaka gia namba moja, kikalia, kisha klachi ikaanza kunuka kama nywele zilizoshika moto. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefungwa kamba nyuma ya trekta. Klachi mpya tulilipa sisi, kwa haki kabisa, lakini shemeji hakuja kula kwetu Jumapili mbili, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Mama akisema tuachane na habari ya Matema.

Hatukuachana nayo. Tulikuwa na Noah yetu, ya otomatiki, lita mbili. Akili zetu zote zilikuwa kwenye nguvu: kirikuu kimeshindwa kupanda, basi tutafute kinachoweza kupanda. Na kweli Noah ilipanda. Tuliondoka alfajiri, tukapita Vwawa, tukapita Mlowo bado kuna ukungu. Kwenye tambarare mume wangu alipofika kilomita 80 kwa saa nilihisi kiti kinavutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, kwa nguvu zaidi. Tela lilikuwa linatikisa mkia na kutikisa gari pamoja nalo. Akapunguza mwendo, likatulia. Tukadhani ni upepo.

Halafu Senjele. Mtu wa Songwe ukimtajia mlima huo hahitaji maelezo. Amezika mtu au anamjua aliyezika. Tulianza kushuka gia ikiwa pale pale kwenye D, mguu wa mume wangu ukiwa kwenye breki muda wote. Kwanza ikaja harufu. Kisha nikaona goti lake linakwenda mbele kuliko kawaida, pedali inazama kama imekanyaga matope. Tela lilikuwa linatusukuma. Mama hakusema neno. Aliweka mkono wake juu ya paja langu na kuuacha hapo, mzito na mkavu. Mume wangu akaivuta gia mpaka L, injini ikapiga kelele, akawa anaivuta breki ya mkono kidogo kidogo, tukaishia pembeni penye kokoto. Utingo wa lori lililokuwa limesimama mbele yetu alikuja mbio na mawe mawili, akayasukumia chini ya tairi kabla hatujafungua milango.

Dereva wake alimwamkia Mama kwanza, shikamoo bibi, kisha akazunguka tela letu mara mbili. Akashika ulimi wa tela, pale linapofungwa kwenye gari, akaunyanyua kwa mkono mmoja. "Bosi, huu ulimi ni mwepesi mno," akamwambia mume wangu. "Mzigo wote umeuweka nyuma, ndiyo maana linacheza. Na gari lako linasukumwa na kitu kisicho na breki. Kupanda siyo shida, ukishindwa utasimama. Hapa ukishindwa husimami."

Nawasikia madereva kila siku wakibishana juu ya vichwa na matela huku nikiwamiminia chai, na sikuwahi kuuliza swali hata moja. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Tulirudi polepole mpaka Mlowo. Mnunuzi wa mahindi alituruhusu kutumia mizani yake ya magunia: gurudumu moja, gurudumu la pili, kisha ulimi. Tela zima lilikuwa na kilo 640 na ulimi ulisoma 14. Ulimi unatakiwa kubeba walau sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tukahamisha madumu ya maji na tairi la akiba mbele ya ekseli, tukasogeza kabati, mizani ikasoma 66.

Kupata gari la kufaa kulichukua miezi mitano. Land Cruiser ya mkonga ndiyo ingefaa kuliko zote, lakini bei yake hatuiwezi. Escudo tuliyoletewa ilikuwa nyepesi. Tuliuza Noah, nikaongeza fedha zangu za kikoba, tukanunua Hilux kuukuu ya dizeli, ya gia za mkono, yenye chesisi ya kweli na uzito unaozidi wa tela zaidi ya mara mbili. Fundi alifunga kiungio kwenye chesisi yenyewe, si kwenye bampa, akabadilisha pedi na mafuta ya breki. Shemeji alikuja kushika tochi.

Senjele tuliishuka kwa gia namba mbili, tangu juu mpaka chini, injini yenyewe ikilizuia tela. Breki ziliguswa na kuachiwa, kuguswa na kuachiwa. Malori yalitupita. Nilipogeuka kumwangalia Mama, alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea dirisha.

Matema tulifika usiku. Asubuhi nilikuta mlango wa bluu uko wazi na Mama amekaa kizingitini, miguu inaning'inia, ziwa liko mbele yake na Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini. Aliniuliza kama maji yale ni ya baridi. Nikamvua viatu.