Barua ya Wazi kwa Rais wa Ujerumani: Watoto Wasio na Hukumu ya Kufutwa

Mheshimiwa Frank-Walter Steinmeier,
Rais wa Shirikisho la Ujerumani,

Tarehe 1 Novemba 2023 ulifika Songea, ukaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Uungwana huo ndio ulionipa ujasiri wa kukuandikia.

Mheshimiwa, mwaka 1908 mwanasayansi Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, katika Namibia ya leo, iliyokuwa koloni lenu. Akawapima machotara wa huko vichwa, nywele na macho, kisha akaandika kwamba damu ya Mwafrika humshusha Mzungu. Mwaka 1927 alikabidhiwa taasisi kubwa ya utafiti jijini Berlin.

Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu walioitwa wagonjwa wa kurithi. Mahakama maalumu zikaundwa, na watu wapatao 400,000 wakanyang'anywa uzazi wao.

Sheria hiyo haikutaja rangi ya ngozi. Kwa hiyo watoto wa Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, waliozaliwa na mama Wajerumani na baba askari wa makoloni ya Ufaransa, walifungwa kizazi kwa siri mwaka 1937. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, iliwakusanya. Wataalamu, wakiwemo wa taasisi ya Fischer, wakawakagua pua, midomo na nywele, wakawapiga picha na kuandika ripoti. Mzazi akashinikizwa atie saini ya kukubali. Mtoto akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Walikuwa takriban 400.

Mwaka 1998 Bunge lenu tukufu lilifuta hukumu za mahakama zile, nasi tunalishukuru kwa dhati. Ila, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba nikumbushe kwamba watoto hawa hawakufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Hawana hukumu ya kufutwa.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni moja: uwataje watoto hao katika hotuba rasmi ya taifa, na ueleze bayana jinsi vipimo vilivyoanzia Rehoboth vilivyoishia katika chumba cha upasuaji. Watoto hao hawakuachiwa uwezo wa kupata mwana wala mjukuu wa kuwasemea. Dola iliyowanyima kizazi ndiyo yenye wajibu wa kuwasemea, na sauti ya dola hiyo leo ni yako.

Wako mtiifu,
Mwandishi, Tanzania