Ubishi wa Baruti

Ukitaka kumgombanisha mzee na mkwewe, usihangaike na mambo ya mirathi. Wape gobore moja na mkebe wa baruti, kisha waulize: tupime kwa ujazo au kwa uzito?

Jirani yangu hapa Pennsylvania ni mtu wa ujazo. Ana kimrija cha shaba alichorithi kwa babake, kimechorwa alama ubavuni. Hujaza, hukigonga kwa ukucha, hupangusa baruti iliyozidi mdomoni, kisha humimina mtutuni. Mkwewe ni mhandisi, na imani yake iko kwenye mizani ya betri inayosoma hadi sehemu ya kumi ya punje. Punje zenyewe 7,000 ndiyo ratili moja.

Balaa ni kwamba hata alama za kimrija zimeandikwa kwa punje. Kwa baruti nyeusi ya asili, ile ya shura, makaa na salfa, kimrija na mizani havipishani sana. Lakini baruti mbadala kama Pyrodex ni nyepesi: kimrija kikisema 100, mizani husema 70 na ushei. Walioitengeneza wanataka ipimwe kwa ujazo. Anayejaza 100 za mizani ameshindilia kupita kiasi, na bunduki haimsikilizi mtu akijitetea kwa hesabu.

“Mizani yako itatuua,” alisema mzee.

“Hicho kimrija ndicho kiongo,” mkwe akajibu.

Wakanigeukia niamue. Mimi nimekulia sokoni Tanga, najua siasa za kopo: muuza karanga akinunua hulitikisa zishuke, akiuza hujaza kwa mkono mwepesi, na kopo ni lilelile. Nikawaambia ujazo hutegemea mkono wa mpimaji. Mkwe akatabasamu. Papo hapo upepo ukapita mezani, namba za mizani zikaanza kucheza, zikapanda, zikashuka, akabaki anaikinga kwa kofia. Sasa akatabasamu mzee.

Wakafikia suluhu: kimrija kipime, mizani ishuhudie. Baruti ikajazwa, ikagongwa, ikapanguswa, ikamiminwa kwenye kisahani cha mizani, ikasomwa, ikajadiliwa upya. Mzee alipochoshwa na mjadala akachukua risasi, akaifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, akaisukuma kwa mdeki hadi chini, akabandika fataki, akalenga.

Pa! Fataki tu. Bango la shabaha likabaki zima.

Tukangoja kimya, mtutu ukielekea kwenye shabaha, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Haikushika. Mkwe ndiye aliyetupa macho mezani: baruti yote ilikuwa bado kwenye kisahani, inashuhudia.

Risasi iliyoshindiliwa bila baruti haitoki kwa maombi. Mzee akafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, akaanza kuivuta, jasho likimtoka, mkwe ameshika kitako. Nikawauliza mle mtutuni kulikuwa na baruti kiasi gani, kwa ujazo na kwa uzito. Hapo, kwa mara ya kwanza, jibu lao likawa moja.