Sukuma ya Setilaiti
Kilimo cha vipimo na setilaiti kimefika mtaa wa Kayole, Nairobi, angalau kwa maneno. Kidude unakichomeka udongoni, udongo ukikauka simu inalia. Safi! Ila maji ya mtaa huja kwa zamu: simu italia Jumatatu, mfereji ujibu Alhamisi. Na shamba lenyewe ni magunia manne kwenye roshani ya ploti; setilaiti ikichungulia itaona kamba ya nguo.

Wengine wanamwagilia sukuma wiki kwa maji ya Mto Nairobi, hayo hayana zamu. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipima udongo kandokando ya jaa la Dandora, mto huo unakopita, likakuta madini ya risasi, zebaki na kadimiamu. Ndugu muuza vipimo, tuletee basi cha kupima risasi. Kiu ya sukuma tunaiona kwa macho.