Heko kwa Mapunye

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wanaotishia zaidi maisha ya binadamu. Wametajwa 19. Yumo Cryptococcus neoformans, anayepanda hadi kwenye ubongo wa mtu ambaye kinga yake imeporomoka. Yumo Aspergillus fumigatus, anayeota ndani ya mapafu. Yumo Candida auris, anayehamia wodini na kugoma kutoka. Niliisoma orodha ile toka juu hadi chini nikimtafuta mtu wangu. Hayumo. Mapunye ya kichwani, choa cha mwilini, fangasi wa vidole vya miguu na wa kucha, ukoo mzima uliokaa na binadamu kuanzia utosini hadi unyayoni, haukupata hata nafasi ya mwisho. Kosa lake ni moja tu: haui.

Dhuluma hiyo siwezi kuinyamazia. Wauaji watajwe kwa majina mbele ya dunia, na aliyeishi na watu kwa adabu asiambulie hata salamu? Leo nimesimama kutoa sifa zilizocheleweshwa, na mwenye kuwashwa ajikune.

Ukoo huu una nyumba tatu za tangu zamani: Trichophyton, Microsporum na Epidermophyton. Chakula chao ni keratini, ile protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu kabisa la ngozi, yaani sehemu za mwili zilizokwisha kufa, ambazo sisi wenyewe tunazipukutisha kila siku wala hatuziulizi zinakwenda wapi. Wanatoa vimeng'enya vya kuyeyusha keratini, wanakula, basi. Nyama hai inapoanza, wao hukoma, na kwa mtu mwenye afya ni nadra sana kuuvuka mpaka huo. Ni mpangaji anayelala barazani, akala makombo yaliyokwisha fagiliwa, na chungu cha mwenye nyumba hajawahi kukifunua. Wenye nyumba wa Dar es Salaam waniambie kama wamewahi kumpata wa namna hiyo.

Mtauliza, mbona anawasha? Malalamiko hayo yapelekwe kwa mhusika. Kinachowasha ni kinga yetu wenyewe, ambayo ikinusa mgeni tu huita damu na uvimbe kama vile nyumba imevamiwa. Fangasi mwenyewe hutambaa taratibu kutoka katikati kwenda pande zote kwa mwendo ulio sawa. Nyuma yake kinga inasafisha, katikati panapoa, na ukingo anakoendelea kula unabaki mwekundu, umeinuka, una magamba. Ndiyo maana choa ni duara, na ni duara safi ambalo mwanafunzi mwenye bikari mpya angelionea wivu. Katika visiwa vya Pasifiki ndugu yao mmoja, Trichophyton concentricum, amepiga hatua zaidi: anachora duara ndani ya duara ndani ya duara, mgongo mzima na mikono, na asipotibiwa huweza kukaa na mtu miaka na miaka. Kazi ya wachora hina wetu hufutika baada ya wiki mbili.

Na jinsi wanavyopenda watoto! Mapunye ya kichwani karibu yote ni mali ya shule ya msingi. Mtoto akifika balehe, mafuta ya ngozi yake hubadilika, asidi za mafuta zinaongezeka, mazingira yanakuwa machungu, na mara nyingi mgeni anafunga virago bila dalali, bila notisi, bila kesi ya baraza la nyumba. Wazazi wakishaona kichwa cha kijana kimetakata husema ni ile dawa ya shangazi iliyofanya kazi. Shangazi apewe sifa zake, lakini ndevu zilishamtangulia.

Siku moja nilikaa kwenye benchi la kinyozi wa mtaani kwetu, nikisubiri zamu. Akaingia mama na mwanawe wa miaka kama saba. Mtoto alipovuliwa kofia niliona vizuri kabisa, maana alikuwa mbele ya pua yangu: nyuma ya sikio la kushoto kiraka kilichopauka, ukurutu wa rangi ya majivu, na ndani yake vidoti vyeusi vilivyotapakaa. Vidoti vile ni nywele. Fangasi ameingia ndani ya unywele, ameujaza mbegu zake, ukalegea na kukatika pale pale unapochomoza.

"Mama, shikamoo. Huyu mdogo wangu ana mapunye," kinyozi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nayaona. Wewe nyoa tu, yakipata upepo yatakauka."

"Nikimpitisha mashine hii, na hawa wanaosubiri je?"

"Si una spiriti hapo?"

Alikuwa nayo. Alimnyoa mtoto kipara, akasugua meno ya mashine kwa mswaki wa zamani, akamiminia spiriti, akawasha kiberiti. Mwali wa bluu ukapita mara moja ukazima. Kisha akachukua kitana kile kile, brashi ile ile ya kufutia shingo, na taulo lile lile, akaniita: "Karibu, mzee."

Hapo ndipo nilipoielewa falsafa ya kiumbe huyu. Anaishi kwa undugu. Mbegu zake hukaa hai kwa miezi mingi kwenye kitana, kofia, mto, shuka, kiti cha saluni, zikingoja moyo wa kugawana. Penye kanga moja ya mama na mabinti watatu, yupo. Penye wanafunzi wanaobadilishana kofia za michezo, yupo. Mtu bahili, mwenye kitana chake mfukoni na taulo lake peke yake, hampati kirahisi. Wala hana ubaguzi wa viumbe. Microsporum canis hutoka kwa paka na mbwa, hasa kitoto cha paka kile mnachokilaza kitandani kwa huruma. Trichophyton verrucosum hutoka kwa ndama na kumwachia mchungaji uvimbe wa usaha ambao huweza kumwacha na kovu lisiloota nywele. Huyo wa ng'ombe, nakiri, ana mkono mzito, na sifa zangu kwake nitazisoma kwa sauti ya chini.

Wenye fikra za kwamba fangasi ni dalili ya ushamba waangalie miguu yao. Mtembea peku ni nadra kupata fangasi wa katikati ya vidole, kwa sababu unyayo wake unapigwa jua na hewa. Aliyefaidika ni mvaa viatu. Trichophyton rubrum, ambaye leo ndiye wa kawaida kuliko wote duniani, alienea Ulaya na Marekani katika karne ya 20 kwa kupanda meli pamoja na wanajeshi na wasafiri, akakuta buti, soksi na bafu za pamoja zimemsubiri. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wa Marekani waliovuka mashamba ya mpunga ya delta ya Mekong na buti zilizolowa waliondolewa mstarini kwa mamia na magonjwa ya ngozi, na fangasi walikuwa mbele katika kazi hiyo. Ofisi zetu za tai na viatu vya kufunga kamba, mchana wa Februari pale Posta, zinamlea vizuri vile vile.

Sayansi nayo ina deni. Mnamo 1841, mjini Paris, daktari mzaliwa wa Hungaria, David Gruby, alichukua ukoko wa njano kutoka kwenye vichwa vya wagonjwa wa fava, aina ya mapunye inayonuka kama panya, akaona chini ya hadubini kwamba kinachousababisha ni kiumbe hai. Hiyo ni miaka 41 kabla Robert Koch hajamtangaza bakteria wa kifua kikuu. Robert Remak wa Berlin alikuwa akimchunguza kiumbe huyo huyo, akafika hadi kujipandikiza mkononi ili athibitishe kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Kwa hiyo wakati wakubwa wa tiba bado wanabishana kuhusu hewa chafu, mapunye yalikuwa yamekwisha toa ushahidi.

Malipo ya mapunye yalikuwa haya. Marekani, kwa sheria ya 1891, ilizuia wahamiaji wenye magonjwa ya kuambukiza yaliyoonekana ya hatari au ya kuchukiza, na fava ilikuwa miongoni mwake. Pale Ellis Island, New York, wakaguzi walisimama ngazini wakiangalia watu wanavyopanda, na aliyeshukiwa kichwa alichorwa kwa chaki begani herufi Sc. Familia iliyouza ng'ombe na shamba ili ipate nauli ya meli ingeweza kugawanyika kwa sababu ya kichwa cha mtoto mmoja.

Halafu likaja jambo ambalo mbele yake mzaha unaniishia. Mwanzoni mwa karne ya 20, bingwa Raymond Sabouraud wa Paris, yule ambaye chakula alichobuni cha kuoteshea fangasi kinatumika maabara hadi leo, alieneza njia ya kudondosha nywele za wagonjwa kwa eksirei. Nywele zikianguka, mapunye yanakosa makazi. Ilifanya kazi, na nchi nyingi zikaiga. Nchini Israeli, kuanzia 1948 hadi 1960, maelfu ya watoto wa wahamiaji, wengi wao kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, walipigwa mionzi vichwani. Mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake walionyesha kwamba watoto hao walipata uvimbe wa kichwani na shingoni, ukiwemo wa ubongo, zaidi ya wenzao. Sheria ya kuwafidia ilipitishwa 1994. Ugonjwa wenyewe ungeweza kuondoka kwa baadhi yao walipobalehe. Katika faili hilo mapunye ni shahidi tu, na sioni wakili wa kumhamishia kizimbani.

Dawa ya kumeza iliyoondoa haja ya mionzi ilitoka, mtake msitake, kwa ndugu zake. Griseofulvini ilipatikana London mwaka 1939 kutoka kwa ukungu uitwao Penicillium griseofulvum, ikasubiri hadi 1958 ndipo ikajulikana kwamba ikimezwa hufika kwenye nywele na kucha. Dawa ya moto ni moto. Shida ni kwamba dawa hiyo inataka wiki 6 hadi 8, kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta, na sisi wiki ya pili tukishaona kiraka kimeota manyoya tunavificha vidonge vilivyobaki kabatini "kwa ajili ya mtoto wa jirani". Krimu peke yake haishuki hadi kwenye shina la unywele, kwa hiyo kupaka tu mapunye ya kichwani ni kuyasalimia. Mafuta ya taa, maji ya betri na kitunguu saumu kilichopondwa huunguza ngozi ya mtoto tu, na fangasi anatazama. Kwa choa cha mwilini, hata hivyo, marhamu ya zamani ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na ya salisili, bado inafanya kazi kwa bei ya soda. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha tangu 1992, ukurutu ukikwanguliwa kwenye ukingo wa duara na kudondoshewa potashi, nyuzi za fangasi huonekana chini ya hadubini zikiwa na matawi.

Lakini nani ana haja ya kukwangua, wakati duka la dawa lipo kona? Unaonyesha mkono, unapewa krimu yenye steroidi kali, pengine ile ile iliyomo kwenye mkorogo wa kujichubua. Inafanya muujiza. Usiku wa kwanza mwasho umekwisha, siku ya tatu wekundu umetoweka. Kilichotokea ni kwamba steroidi imeilaza kinga, yule mlinzi mwenye kelele, na mgeni sasa anakula bila bughudha. Duara linapoteza ukingo, linasambaa, linafanana na magonjwa mengine kumi, na hata daktari anapotea. Hakuna mfadhili aliyewahi kuwafanyia fangasi hawa hisani kubwa kuliko sisi na tyubu zetu.

Nchini India krimu za namna hiyo, zilizochanganywa steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi katika tyubu moja, ziliuzwa kama maandazi. Humo ndimo alimokulia Trichophyton indotineae, aliyepewa jina hilo mwaka 2020: anaenea kiunoni, mapajani na usoni, na mara nyingi terbinafini, dawa tuliyoitegemea, haimbabaishi. Mwaka 2023 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza wagonjwa wao wawili wa kwanza, wote wa jiji la New York. Mmoja alikuwa ametoka Bangladesh. Mwingine hakuwa amesafiri nje ya nchi karibuni, maana yake mgeni alikuwa ameshajipatia wenyeji mjini. Terbinafini ilishindwa kwa wote wawili. Begani hawakuchorwa chaki.