Steringi Hafi, Ila Hulowa

Mama yangu akiulizwa na wageni binti yake wa mwisho anafanya kazi gani, hujibu kwa neno moja: "Yupo." Mgeni akikazana, anaongeza: "Anachorachora." Hapa Babati mtu akijitambulisha huulizwa analima wapi, anauza nini, au ameajiriwa idara gani. Kuchorachora si kazi, ni dalili. Shangazi yangu mmoja aliwahi kunishika paji la uso aone kama nina homa.

Kwa haki, sichori tu. Napiga gitaa lenye nyuzi nne kati ya sita, na majirani wameshaniambia hizo nne zinatosha. Naandika maandishi kwenye bajaji. Natengeneza filamu kwa simu yenye kioo kilichopasuka kama ramani ya mito. Kila kimoja kimeshaniletea aibu yake, lakini tuanze na bajaji.

Rafiki yangu dereva alitaka nimwandikie nyuma ya bajaji yake: MUNGU HASAHAU. Nikanunua rangi nyeupe, nikajifunga kanga kiunoni, nikachora herufi nono zenye kivuli cha buluu. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu ili niifurahie kazi yangu. Sikuona kosa. Nyumbani kwetu herufi h ni kama umeme, leo ipo, kesho haipo, na hakuna anayeshtuka. Dereva naye hakuona, maana dereva hukaa mbele.

Alizunguka nayo mjini siku mbili, kutoka Bagara hadi Maisaka, akishangaa kwa nini watu wanamtazama kwa huruma. Mama mmoja mwenye sare ya kwaya alitaka kupanda, akaghairi mguu mmoja ukiwa ndani. "Mwanangu," akamwambia, "umefanya nini mpaka unaomba hivyo?" Ndipo dereva aliposhuka akasoma: MUNGU ASAHAU.

Nilirekebisha. Nafasi haikuwepo, kwa hiyo niliichomeka h ndogo kwa juu, na mshale wa kuonyesha inapoingia, kama mwalimu anayesahihisha insha. Dereva hakudai fedha zake. Alidai aigize katika filamu zangu. Ndivyo nilivyopata gari la kazi.

Filamu nilizisomea katika kibanda umiza cha mtaani kwetu, au niseme pembeni yake. Ndani walikaa wavulana juu ya mabenchi, wamelipa. Mimi nilisimama nje, penye tundu la msumari kwenye bati, sikulipa. Tundu lilitosha jicho moja, nalo lilielekea upande wa kushoto wa televisheni. Kwa hiyo Commando, ile ya mwaka 1985, nimeiona nusu. Arnold Schwarzenegger alikuwa upande wangu akimimina risasi; wanaokufa walikuwa upande wa waliolipa.

Sauti, hata hivyo, niliipata yote. Kanda nyingi zilikuwa na mtafsiri, na kwetu mfalme wa watafsiri alikuwa Lufufu. Sinema ya Kimarekani ilikuwa inaongea peke yake kule chini, yeye juu anatusimulia kwa Kiswahili na kuitia chumvi. Mtu mwenye nusu ya picha akipewa sauti ya namna ile, hana deni na mwenye kibanda.

Pale ndipo nilipoishika sheria kuu ya sinema: steringi hafi. Mtoto aliyechelewa hakuuliza filamu inaitwaje. Aliuliza, "Steringi nani?" Akionyeshwa, anakaa kwa amani. Nyumba itaungua, ndege itaanguka, steringi atatoka vumbini amekunja mikono ya shati.

Madhara ya lile tundu yamebaki hadi leo. Nikipiga picha, watu hutokea nusu. Kuna bibi harusi hapa mjini ambaye albamu yangu inamwonyesha bega na pete tu. Oktoba 14, 2023, Mbio za Mwenge wa Uhuru zilipofikia kilele chake hapa Babati, katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa, nilikwenda kurekodi historia. Nilirekodi dakika kumi na moja za kisogo cha mzee mmoja mrefu. Ni kisogo cha heshima, lakini hakiwaki moto.

Mama husema filamu ni kupoteza muda. Huyo huyo mama, alipofariki mwigizaji Steven Kanumba Aprili 7, 2012, alilia mpaka maharage yakaungua, nasi tukayala vivyo hivyo kwa kuheshimu msiba. Kwenye Bongo Movie zake ndipo nilipojifunza sheria ya pili: filamu haijawa filamu mpaka gari lipige honi getini. Linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia polepole, linaegeshwa, tajiri anashuka, anatazama kushoto, anatazama kulia, anatembea. Unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado hajafika sebuleni.

Nami nikataka tukio la geti. Gari lilikuwa bajaji ya Mungu Hasahau. Tajiri alikuwa binamu yangu, ndani ya koti la harusi la baba yake. Mlinzi alikuwa babu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwepo nyumbani mchana ule. Geti letu ni mabati mawili yaliyopigiliwa kwenye mirunda.

Bajaji ikapiga honi. Kimya. Ikapiga tena. Babu akalisukuma geti kidogo, akachungulia.

"Nani?"

"Fungua geti, mzee!" binamu akafoka kwa sauti ya kitajiri niliyomfundisha usiku kucha.

Babu akalirudishia. Tukamsikia kutoka ndani: "Mtoto wa juzi ananipigia honi, na shikamoo hana. Arudi alikotoka."

Nikaingia kumweleza kwamba tunaigiza tu. Akanijibu kwamba hata kuigiza kuna adabu yake. Basi tukarudia. Safari hii tajiri alishuka garini, akavua miwani, akamwamkia mlinzi wake. Babu akaitikia marahaba. Akauliza hali ya mama yake, hali ya ng'ombe, na kama mvua imeshanyesha Dareda. Hapo dakika nne zimekwisha. Alipokubali kufungua, geti halikufunguka, lilianguka, likalala juu ya bajaji kama mgeni aliyechoka. Babu akalitazama, akatutazama. "Haya," akasema, "ingieni sasa."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini filamu ninayoipenda kuliko zote ina jina la Kiswahili: Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, ikatoka mwaka 1962. Hiyo nimeitazama kwa macho yote mawili. John Wayne na wenzake wanakimbiza twiga na faru kwa magari, wawakamate wapelekwe kwenye bustani za wanyama. Waliipiga huku kwetu kaskazini, Tanganyika ya wakati huo, na mwigizaji mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella hata akanunua shamba akaishi hapo miaka mingi.

Nikawaza: hao walivuka bahari kuja kutafuta mnyama. Mimi ziwa lenye viboko liko mjini kwangu, naenda kwa miguu na kurudi kabla ugali haujapoa. Nashindwa nini? Nikaandika mchezo, nikauita Hatari ya Pili. Sehemu ya kwanza ilishatoka mwaka 1962. Watazamaji walikuwa wamesubiri vya kutosha.

Tulifika Ziwa Babati saa kumi na moja na nusu jioni, kwa sababu watu wa filamu wanasifu sana mwanga wa jioni. Hakuna aliyeniambia kwamba na viboko wanausifu. Ufukweni tulimkuta mzee mvuvi akikusanya nyavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnataka perege?"

"Tunaomba mtumbwi. Tunapiga filamu."

Mzee akatazama jua, akatazama koti la harusi. "Saa hizi," akasema, "wenye ziwa wanajiandaa kutoka."

Tulimbembeleza mpaka akakubali. Lakini alifunga kamba ndefu kwenye mkia wa mtumbwi, akazungushia ncha ya pili kwenye kisiki, akaketi juu yake. Nikamsihi aifungue, maana kamba ingeharibu picha. "Picha itaharibika," akasema, "wewe utarudi."

Tukaingia majini, binamu mbele na kasia, mimi nyuma na simu. Dereva alibaki nchi kavu, bajaji ikiwa inaunguruma, kwani mchezo ulimtaka atuokoe mwishoni. Maji yalikuwa yametulia na Mlima Kwaraa ulikuwa umeshika rangi ya chungwa. Nikasema, "Ekshen!" Binamu akasimama, akakunja ngumi, akatamka maneno yake ya kwanza: "Popote ulipo, adui, jitokeze!"

Akajitokeza.

Kwanza yalikuja mapovu. Kisha masikio mawili madogo, yakijipiga-piga kama yanafukuza nzi. Kisha macho, na kisha pumzi moja nzito, kama basi la Arusha linapoachia breki stendi. Huku mitaani mtu akishinda watu draft tunasema huyo ni kiboko yao. Nawaambia tunalitumia neno hilo ovyo. Kiboko mzima ana uzito unaozidi tani moja, na hakuhitaji kufanya lolote. Alitutazama tu, kama babu alivyomtazama tajiri asiye na shikamoo.

Binamu, steringi wetu, aliketi ghafla, akashika kasia akavuta kwenda kushoto. Mimi nikaweka simu mdomoni, nikapiga maji kwa mikono kwenda kulia. Mtumbwi ukawa unazunguka palepale kama kinu cha unga. Tulimwita mama, tulimwita Mungu, na nasikia mimi nilimwita na Lufufu. Ghafla mtumbwi ukaanza kurudi kinyumenyume, sawasawa, bila haraka. Mzee alikuwa amesimama, anavuta kamba kama anayemtoa ng'ombe mkaidi zizini. Hatua tatu kabla ya nchi kavu binamu aliruka, mtumbwi ukapinduka, na mimi, simu na utukufu wetu wote tukaangukia kwenye tope na matete.

Nilipofuta macho kiboko alikuwa ameshazama, hana habari nasi. Mzee alikuwa anacheka mpaka amejishikilia kisiki. Na kule barabarani niliona mgongo wa bajaji ukipotea kwa kasi, herufi nono zenye kivuli cha buluu, h ndogo juu na mshale wake. Mungu hasahau. Dereva alitusahau.

Simu tuliizika kwenye debe la mchele wa Magugu, kwa imani ileile ya kila mtu kwamba mchele hunyonya maji. Nikasahau kumwambia mama. Siku ya tatu, Jumapili, alipiga kikombe ndani ya debe kuchota mchele wa wageni, na simu ikachagua dakika hiyohiyo kufufuka. Mlio wangu ni honi ya basi. Ungo uliruka upande mmoja, mama upande mwingine. Kuku wa jirani bado wanaikumbuka Jumapili ile.

Jioni tuliiegemeza simu kwenye sufuria, ukoo mzima ukaketi kutazama Hatari ya Pili. Nusu ya kioo ilikuwa nyeusi kwa maji. Nusu iliyobaki ilionyesha mbingu, sikio la binamu, mbingu tena, meno yangu. Kiboko haonekani hata ukucha. Lakini sauti ilikuwepo yote: ile pumzi, zile kelele, kile kicheko cha mzee. Basi nikajisogeza nyuma ya sufuria, nikakohoa, nikaanza kuwasimulia kama mtafsiri wa kibandani, nikimweka kiboko mahali pake kwa maneno. Babu alidai irudiwe mara tatu. Mama alicheka mpaka akajifunga kanga upya.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni akauliza binti wa mwisho anafanya kazi gani. Nilikuwa jikoni, nikasikia mama akinyamaza kidogo. "Anatengeneza filamu," akasema. "Ila kiboko haonekani."

Kwa hiyo, kijana mwenzangu mwenye simu na ndoto, ukija Babati kupiga picha, karibu sana. Ujue tu kwamba kiboko hushinda majini mchana, na jioni hutoka kwenda kula majani. Hajawahi kuingia kibanda umiza, na hajui steringi ni nani. Nenda asubuhi. Na mzee akikufungia kamba, iache.