Sifa za Vumbi la Kinakomba

Wanaopenda kusifu wamesifu mnazi, jahazi na bibi arusi. Vumbi wamelisahau, na huo ni utovu wa shukrani, kwa sababu hapa Kinakomba hakuna kilichotuhudumia kwa uaminifu zaidi.

Tuanze na nasaba, maana hili si vumbi la jalalani. Asili yake ni Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Limeteremka na Mto Tana, mrefu kuliko mito yote nchini, likapenya Masinga na mabwawa mengine yasiweze kulikamata lote, hadi huku tambarare. Mto ukifurika, kama ulivyofurika Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, tope hutandazwa mashambani na njiani. Maji yakipungua na jua likishika, tope hukauka, likapasuka, likasagwa na magurudumu, na mheshimiwa yuko tayari kupaa. Hambagui Mpokomo wala Morma, hadai nauli, na amewatajirisha wauza sabuni. Hayo nayataja kwa kupita tu.

Sifa inayostahili kuelezwa kirefu ni mahudhurio. Chukua siku niliyoipiga rangi Probox yangu uani, chini ya mwembe, kwa kompresa ya kuazima. Jirani aliyeahidi kunishikia mpira wa hewa hakuonekana. Stima ilikuja, ikatusalimu, ikaondoka. Fundi kijana tuliyeagana saa moja alitokea saa nne. Vumbi lilikuwa pale tangu alfajiri. Tena lilikuja na busara zake: praima halikuishughulikia, rangi yenyewe halikuigusa, kwani lilijua zote mbili zitafunikwa. Likangoja klia, mkono wa mwisho, dakika ile gari linang'aa na bado linanata. Hapo likatua. Punje moja katikati ya boneti, ya pili ubavuni mwake, kisha ujumbe mzima pamoja na makatibu.

Nikanyoosha kidole niitoe ile ya kwanza.

“Mzee, usiiguse!” fundi akapiga kelele. “Utaacha donda. Iache ikauke hapohapo, tutaifuata na msasa.”

Ikaachwa, ikakauka, ikawa mkazi wa kudumu wa boneti, na hakuna wa kuihamisha. Wakulima wengi wa kando ya mto huu wamezeeka wakisubiri hatimiliki. Punje ya vumbi iliipata kwa nusu saa.

Kumtoa mkazi huyo kuna adabu zake. Kwanza unaiacha klia ikauke hadi ndani, si juu tu. Kisha msasa wa maji namba 1500 unalowekwa kwenye beseni lenye tone la sabuni ya vyombo, unazungushiwa kipande cha raba ili vidole visichimbe mifereji, na unapelekwa kwa mkono mwepesi huku maji yakitiririka. Macho yako yawe kwenye maji hayo. Yakitoka meupe, unakwangua klia. Yakianza kuwa buluu kama gari, klia umeimaliza na sasa unakula rangi. Acha, kazi inarudi nyuma. Kingo za milango na za boneti zibandikwe selotepu, kwa kuwa pale klia ni nyembamba. Sehemu yote ikishakuwa butu na laini, inakuja namba 2000, halafu 3000, halafu kompaundi kwa fulana kuukuu ya pamba, duara juu ya duara, mpaka uyaone majani ya mwembe ndani ya boneti. Na muda wote huo vumbi jipya halijaenda mbali. Punje moja ikiingia chini ya fulana inachora mkwaruzo, nawe unarudi kwenye beseni. Ni mwalimu wa subira asiyetoa likizo.

Ningeendelea kulisifu, lakini siku ile upepo haukuwa na hatia. Ulikuwa umetulia kabisa. Vumbi lililonifikia lilirushwa na msafara wa magari yenye vioo vyeusi, ving'ora juu, mbio kama wanaofukuzwa. Na walikuwa wakienda wapi? Kuzindua barabara! Barabara hiyohiyo! Ilishazinduliwa na mgombea, ikazinduliwa na mshindi, ikazinduliwa tena na aliyemng'oa mshindi. Kila mara hema, viti vya plastiki, utepe, na greda linalokuja kupigwa picha na kuondoka kabla ya wageni.

Na tunalipa, si kwamba tunaomba. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Wabunge na magavana wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukitaka usimamizi wake. Pesa zikitajwa, barabara ina wazazi wawili. Mashimo yakitajwa, ni yatima. Ofisi hii inakwambia nenda ile, ile inakwambia rudi hii. Vumbi peke yake halijawahi kuikana barabara yake.

Kwa hivyo, ndugu yangu mwenye gari na kopo la rangi: mwagia uwanja maji, anza kazi alfajiri, na kabla hujafungua klia uliza kama kuna mgeni rasmi siku hiyo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na misafara haitangoja mwaka huo ufike. Na mheshimiwa yeyote anayekuja kuzindua barabara yetu tena, tumwombe kwa heshima zote aliache gari lake kwenye lami, aje kwa miguu.