Barabara Yenye Baraka

Mama mkwe wangu hapandi pikipiki. Si kwamba anaogopa. Anasema mwanamke wa umri wake hawezi kushika kiuno cha kijana asiyemjua, na kiuno cha mkwe wake anayemjua ndiyo kabisa. Kwa hiyo ilipotangazwa harusi ya mjukuu wa dada yake kule Kionga, nikajua mapema kwamba fedha niliyoiweka kwa ajili ya kununua bati itaishia kwenye kukodi gari.

Gari lilikuja saa moja na nusu asubuhi, pikapu ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Mbele alikaa dereva, mama mkwe, na sufuria kubwa ya pilau ambayo mama mkwe alikataa katakata kuitenganisha na mapaja yake. Nyuma nilikaa mimi, godoro la maharusi, magunia mawili ya mchele na mbuzi mmoja ambaye hakualikwa. Dereva alikuwa anampelekea mtu wake. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya swala ya Ijumaa. Kutoka kwetu Palma, Msumbiji, hadi Kionga si mbali. Hata kwa mchanga wetu, nilipiga hesabu kwamba tutafika, tutapumzika, mama mkwe atapata nafasi ya kuwakosoa waliopamba, na muda bado utabaki.

Katika hesabu hiyo nilisahau kuwa lazima kwanza tutoke mtaani kwetu.

Mtaa wetu haukuwepo nilipokuwa mtoto. Palma ya zamani iko chini, inaangalia ghuba ya Tungi, na njia zake ni za watu waliokuwa wakienda kwa miguu, mzigo kichwani. Huku juu tulikuja kuokota korosho tu. Njia iliyopita hapa ilifuata miti: inakwepa mkorosho wa mzee huyu, inazunguka mnazi wa yule, inanyooka kidogo pale ambapo hapana mwenye mti. Mwaka 2010 gesi ikagunduliwa baharini mbele yetu, na tangu hapo nusu ya Msumbiji ikakumbuka kwamba ina ndugu Palma. Walikuja kutoka Nampula, Mueda, Maputo, wengine wakavuka Ruvuma kutoka Mtwara. Wakajenga. Nyumba zikafuata njia, njia ilikuwa imefuata mikorosho, na mikorosho iliota pale ambapo popo, akishakula bibo lake, alidondosha korosho. Nikiulizwa ni nani aliyepanga mtaa wetu, najibu bila kificho kwamba ni popo. Na popo, kama mjuavyo, hufanya kazi usiku na kichwa chini.

Kuna wakati walipita watu wenye vyombo vya miguu mitatu na fulana za kung'aa. Wakachungulia, wakaandika, wakaondoka. Asubuhi ya pili yake katikati ya njia pakawa na miche kumi na miwili ya minazi, kwani kila mtu alishasikia kwamba fidia huhesabiwa kwa mti. Wale watu hawakurudi. Minazi ipo, mmoja umeanza kuzaa, na magari huukwepa kwa adabu.

Halafu kuna baraka. Kibanda cha biashara cha pembeni mwa njia sisi tunakiita kwa neno la Wareno, barraca, ambalo likifika mdomoni mwa Mmwani, mtu wa pwani hii, linatoka baraka tupu. Jambo hili si dogo. Mwambie mtu akiondoe kibanda chake barabarani, huenda akakusikiliza. Mwambie aiondoe baraka yake, uone. Basi baraka ya kwanza ilijengwa hatua tano kutoka njiani. Wa pili akaona amezibwa, akajenga hatua nne. Wa kwanza akatoa meza nje. Wa pili akatoa meza na mwavuli. Wa tatu hakutaka ugomvi na mtu, akajenga mbele ya wote wawili. Ilifika mahali magari mawili hayapishani mbele ya kwetu mpaka madereva wakunje vioo vya pembeni, tena wawe wanajuana.

Baraka ya nne kushoto, yenye paa la makuti na picha ya pweza ukutani, ni ya mke wangu. Mtaji alitoa mama yake.

Saa mbili na robo tukasimama hapo hapo, mbele ya pweza. Lori lililobeba kontena lilikuwa limekutana uso kwa uso na lori la kokoto, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Kusema kweli hata kama wangekubali wasingeweza, maana nyuma ya kila mmoja palishajaa chapa, yaani daladala zetu, zilizosheheni abiria, pikipiki zisizo na idadi, na kijana wa baiskeli mwenye ndoo mbili za samaki waliokuwa wabichi wakati ule. Lori la kontena likajaribu kupita pembeni. Mchanga ukalipokea. Likazama mpaka ekseli.

Dar es Salaam, nilikosoma, jambo hili huitwa foleni, na wapo wanaosema neno hilo lilitokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstari. Palma hakuna mstari. Hapa Wareno walipatia: wao husema engarrafamento, yaani kutiwa chupani. Mtu akishakaa saa nzima juani na mbuzi anayemtafunia kanzu, huona kwamba neno ndilo hilo. Tulikuwa ndani ya chupa, na kontena ndiyo kizibo.

Kila mwenye mikono miwili akawa trafiki. "Kata kulia!" "Kulia kwake au kwako?" "Kata kibla!" Kibla kwetu ni kaskazini na kila mtoto anaijua, lakini dereva wa kontena alikuwa mgeni kutoka kusini, si Mwislamu, akatoa kichwa dirishani na kuuliza kibla ni gia ya ngapi.

Mchanga una dawa mbili. Ya kwanza ni kupunguza upepo wa matairi. Ya pili ni makuti: unayatandika mbele ya gurudumu, tairi linapata pa kukanyaga. Vijana walipomaliza ile ya kwanza bila mafanikio, mmoja mwenye akili akaangaza kulia na kushoto kutafuta makuti. Yalikuwepo. Yalikuwa paa la mke wangu.

Kabla sijashuka kwenye godoro, wanne walishapanda juu. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi, hakupiga kelele, akauliza tu kila kuti linalipwa bei gani na nani. Dereva wa kontena akasema kampuni yake italipa. Mke wangu akamwambia hajawahi kuiona kampuni ikija kununua hata kipande cha muhogo, basi atalipa yeye aliye mbele ya macho. Akalipa. Nusu ya paa ikaenda, lori likasogea hatua nne, likazama tena. Akalipa nusu ya pili.

Wakati huo watu walishapata kiu. Maji yakaisha saa nne. Soda, zile za moto ambazo mke wangu alikuwa amekata tamaa nazo, zikaisha saa nne na nusu. Muhogo wa kukaanga ukawa unanunuliwa ungali kwenye mafuta. Nikatumwa kwa jirani kuazima mikate, jirani akakataa kwa kuwa naye alikuwa anauza. Mama mkwe, aliyeapa kwamba hatashuka mbele za watu na nguo ya harusi, akashuka. Nikafikiri anakwenda kumsaidia binti yake kwa maneno. Muda si muda nikasikia harufu ya iliki na mdalasini.

"Mama, hiyo ni ya harusi," nikasema.

"Mkwe wangu, kwenye harusi kuna pilau nyingine. Hawa wana njaa ya sasa." Akamgeukia dereva wa kokoto. "Sahani metikali mia, baba. Nyama mbili."

Nikarudi kulala kwenye godoro la watu nikiwaza Kionga. Mahali penyewe si pageni kwa wasafiri. Ghuba yetu ya Tungi ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoinyakua mwaka 1887. Wajerumani wakafika Kionga mwaka 1894, wakaikalia. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiendelea, Wareno wakaifuata na kuitwaa, na mwaka 1919 mataifa makubwa yakakubali ibaki mikononi mwao. Sultani, Mjerumani, Mreno, wote waliitaka pwani hii kiasi cha kuipigania, na hakuna hata mmoja aliyetuachia njia ya kupishana magari mawili. Lakini ukweli usemwe, wote walifika. Mimi na mama mkwe hatukufika.

Ndoa tuliisikia kwenye simu, sauti imefunguliwa hadi mwisho na simu imewekwa juu ya boneti. Bwana harusi alipokubali, chupa nzima iliitikia alhamdulillahi, na dereva aliyeuliza kibla akapiga honi. Nadhani hakuna harusi ya Kionga iliyowahi kuwa na mashahidi wengi kiasi kile, nusu yao wakiwa wanatafuna pilau yake.

Lori lilitoka saa kumi na moja jioni, kwa winchi ya lori jingine. Tukageuza, yaani tukarudi mita thelathini, tukashuka. Mbuzi alitoka na kipande cha kanzu yangu.

Miaka yote nimeilaani barabara hii. Usiku ule, tukihesabu fedha chini ya nyota kwa kuwa paa halikuwepo, nilianza kuielewa. Gesi iko baharini. Wafanyakazi wengi wako ndani ya uzio wa mradi kule Afungi, na kiwanja cha ndege kiko humo humo ndani. Mtu anaweza kutoka mbali, kufanya kazi Palma wiki kadhaa na kuondoka bila kuiona Palma. Kinachopita mlangoni kwetu ni lori, na lori likiwa na njia nzuri hutuachia vumbi tu. Likikwama ndipo yale mabilioni tunayoyasikia redioni huteremka, hujifuta jasho na kumuuliza mke wangu soda bei gani. Kwa hiyo mwenye meza hasogei nyuma. Na wahandisi wakija kesho na ramani zao watatukuta tunawapungia mkono kwa furaha, huku kila mmoja akiisukuma meza yake mbele kidogo kwa mguu.

Sisemi chupa ni nzuri. Mwezi ule ule mama mjamzito alipitishwa katikati ya malori akiwa amebebwa na vijana wanne, kila mmoja ameshika pembe ya shuka, na watu waliinua meza zao, na hata miavuli, ili apite. Alijifungua salama. Siku hiyo tuliona wenyewe kwamba barabara yetu ni pana kabisa tukitaka. Dakika kumi baadaye meza zilikuwa zimerudi, na ya kwetu ilikuwa mojawapo.

Tena nimewahi kuiona ikiwa tupu. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 tuliondoka kwa miguu, wengine wakakimbilia kijiji cha Quitunda, wengine wakapata vyombo vya kwenda Pemba ya huku Msumbiji. Kuna majirani ambao hawakurudi. Tuliorudi tulikuta majani yameota katikati ya njia, mtu angeweza kulala pale adhuhuri asisumbuliwe na hata baiskeli. Nilikuwa nikikaa kibarazani nikisikiliza kama kuna honi. Novemba 2025 ilipotangazwa kwamba mradi wa gesi unaondolewa kizuizi, baada ya zaidi ya miaka minne ya kusimama tangu shambulio lile, honi zilirudi zote kwa pamoja na nyingine za ziada.

Mama mkwe alikwenda Kionga wiki ya pili baada ya harusi ile, kwa jahazi, akawakosoa waliopamba kwa kuangalia picha. Pilau ya watu aliilipa kwa kununua godoro la pili, na faida ikabaki. Ile fedha yangu ya bati ilirudi pamoja na nyongeza, kwa hiyo baraka yetu sasa ina paa la bati, na kwa heshima ya paa hilo imesogea mbele hatua moja.

Makuti hatujayaacha. Mama mkwe ameagiza mia mbili, yamepangwa nyuma ya ukuta wa pweza, makavu, mazuri. Ukipita na gari lako uje ununue mapema: kuti moja metikali kumi. Ukishazama ni hamsini.